Nambari moja, sura tatu

Ofisi ya madrasa moja mjini Mumias, Jumamosi asubuhi. Mama mmoja ameshika risiti ya ada na anaisoma polepole, tarakimu baada ya tarakimu.

"Mbili sifuri nne, kistari, kumi na saba, kistari, A."

Ustadh anakodolea skrini macho. "Hiyo sina, mama. Niliyo nayo ni A, kumi na saba, mbili sifuri nne."

Anafungua ukurasa mwingine, ule wenye jedwali la malipo ya muhula. Huko imeandikwa A-204-17.

Mama anaigeuza risiti, anaitazama nyuma, anairudisha mbele. Karatasi bado inasema 204-17-A.

Malipo ni yale yale na risiti ni ile ile. Programu ya ofisi imeandikwa kwa Kiarabu, kurasa zake zinaanzia kulia kwenda kushoto, na humo ndani zimepachikwa nambari zenye herufi za Kilatini. Hakuna aliyekosea kuandika.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kulirekebisha si kazi, ni tagi moja tu, yaani alama inayokiambia kivinjari jinsi ya kuonyesha maandishi. Kinachoniudhi ni kwamba skrini ile ilitosha kumfanya mtu mkweli aonekane amekuja na risiti ya uongo, na ilhali hakuna herufi hata moja iliyopotea.

## Kwanza nakili, kisha ubandike

Kabla hujagusa msimbo wowote, fanya jaribio hili. Nenda kwenye ukurasa unaoonyesha A-17-204, chagua nambari hiyo, uinakili, kisha uibandike kwenye Notepad tupu.

Itatokea 204-17-A.

Ukiwa makini utaona hata wakati wa kuchagua, kivuli cha bluu kinarukaruka: unavuta kipanya kuelekea kushoto, kipande cha katikati kinashikika kabla ya kile cha pembeni. Hifadhidata imeweka herufi kwa mfuatano wa kuandikwa: 2, 0, 4, kistari, 1, 7, kistari, A. Kivinjari ndicho kinachopanga upya wakati wa kuchora, kikifuata kanuni za Unicode (kiwango cha dunia cha herufi za kompyuta) kuhusu maandishi ya pande mbili. Data ni nzima.

Mtu asipoliamini hili, kila atakachofanya baadaye kitaharibu zaidi.

## Bendera hufuata upepo

Unicode imeipa kila herufi tabia yake ya mwelekeo. Herufi za Kilatini zina msimamo: zinaenda kulia. Za Kiarabu na za Kiebrania zina msimamo pia: zinaenda kushoto. Tarakimu zina msimamo nusu. Zenyewe kwa zenyewe husomwa kushoto kwenda kulia, lakini haziwezi kuvuta jirani. Halafu kuna wasio na upande: nukta, nafasi, alama ya mshangao, mabano, kistari. Hawa ni bendera. Wakizungukwa na Kilatini pande zote, wanakwenda na Kilatini. Wakiwa mpakani, wanafuata mwelekeo wa aya nzima.

Na mwisho wa sentensi ni mpakani.

Ndiyo maana ukiweka maandishi haya kwenye ukurasa wa kulia kwenda kushoto, yanageuka hivi (sitaandika Kiarabu chochote humu, maana hata ukurasa huu ungevurugika):

`Welcome to Kisumu.` inakuwa `.Welcome to Kisumu`

`500/=` inakuwa `=/500`

`2 East` inakuwa `East 2`

`C++` inakuwa `++C`

`+254 700 000 000` inakuwa `000 000 700 254+`

Hiyo ya simu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu anaweza kuipiga. Nafasi kati ya vipande zimefuata aya, kwa hiyo kila kipande kimesimama kama neno la Kiarabu: cha kwanza kulia, cha mwisho kushoto. Nambari ya muamala wa M-Pesa, kwa upande wake, haipatwi na haya. Inaanza kwa herufi, haina nafasi wala kistari, na tarakimu zinazofuata herufi ya Kilatini hubebwa nayo.

## Kwa nini sura ni tatu, si mbili

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hukata tamaa.

Kwenye karatasi, mstari ulichapishwa kwa Kiingereza: "Receipt No: 204-17-A". Kabla ya 204 kuna herufi za Kilatini, kwa hiyo tarakimu na vistari vyote vimebebwa nazo. Hakuna cha kugeuka.

Kwenye jedwali, seli ina nambari peke yake, bila neno la Kiarabu kabla yake. Kistari cha kawaida kikikaa kati ya tarakimu mbili za kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya nambari, kwa hiyo 204-17 imeshikamana kuwa kipande kimoja. Kistari cha pili kiko kati ya nambari na herufi A. Hicho ni bendera, kinafuata aya. Kipande 204-17 kinakaa kulia, A inakwenda kushoto: A-204-17.

Kwenye taarifa ya malipo, ukurasa ule wa kwanza wa Ustadh, kabla ya nambari kuna neno la Kiarabu lenye maana ya "risiti". Kanuni inasema tarakimu zinazotanguliwa na herufi ya Kiarabu zihesabiwe kuwa tarakimu za Kiarabu, hata kama zimeandikwa 2, 0, 4 za kwetu. Na kistari kati ya tarakimu za Kiarabu hakishikamanishi chochote. Vipande vimekuwa vitatu, kila kimoja peke yake, vikipangwa kutoka kulia: A-17-204.

Kwa hiyo herufi moja iliyo kabla ya nambari ndiyo iliyoamua. Programu ile ile ingetafsiriwa kwa Kiebrania, sura ya tatu isingetokea, kwa sababu kanuni hiyo ya tarakimu ni ya Kiarabu na maandishi ya ndugu zake kama Kifarsi na Kiurdu. Anayepima ukurasa kwa Kiebrania akatangaza kuwa kila kitu ni shwari hajapima nusu ya mambo.

Mkwaju (/) na nukta mbili (:) ni wapole zaidi. 12/05/2024 haivunjiki, wala 8:00. Lakini 12-05-2024 ikitanguliwa na Kiarabu itaonekana 2024-05-12, na 50% itaonekana %50.

## Dawa zinazoua

Kijana wa Kondele anayemjengea mteja wa Dubai tovuti, saa sita za usiku, anatumiwa picha ya skrini yenye duara jekundu kwenye nukta iliyokimbilia mwanzo wa sentensi. Anachofanya kwanza, tena kwa nia njema, ni kuihamisha nukta. Anaandika `.Welcome to Kisumu` kwenye hifadhidata, nukta mbele. Skrini inapendeza. Mteja anafurahi.

Kesho yake sentensi hiyo hiyo inatumwa kwa barua pepe ya Kiingereza, nukta ikiwa mbele.

Dawa ya pili mbaya ni kugeuza mfuatano wa herufi kwa msimbo kabla ya kuonyesha. Ya tatu ni `text-align: left`, ambayo inasogeza mstari upande mwingine bila kugusa mpangilio wa ndani; nukta inabaki palepale ilipokosea. Ya nne ni tagi ya `<bdo>`, ambayo inalazimisha kila herufi ielekee upande mmoja. Likitokea jina la Kiarabu humo ndani, litaandikwa kinyumenyume, herufi kwa herufi. Sijawahi kuona ukurasa wa kawaida unaoihitaji.

## Dawa yenyewe

Anza na kichwa cha ukurasa: `<html lang="ar" dir="rtl">`. Mwelekeo uandikwe kwenye HTML, lugha inayojenga ukurasa, usiandikwe kwa CSS, lugha ya kuupamba. Mwelekeo ni sehemu ya maandishi yenyewe. Mtandao ukiwa dhaifu na faili la CSS lisifike, sentensi lazima zibaki zikisomeka.

Kisha tenga kila kitu kigeni kinachoingia katikati ya sentensi. Neno muhimu ni kutenga: kukijengea ukuta ili mwelekeo wake usivuje nje, na wa nje usiingie ndani.

Kwa vitambulisho ambavyo unajua vinasomwa kushoto kwenda kulia, sema wazi:

`<bdi dir="ltr">204-17-A</bdi>`

`<bdi dir="ltr">+254 700 000 000</bdi>`

Kwa simu usiache kivinjari kikisie. Nambari ya simu haina herufi hata moja yenye msimamo, kwa hiyo hakuna cha kukisia.

Kwa majina ya watu na vitu vilivyoandikwa na watumiaji, ambavyo hujui vitakuja kwa lugha gani, tumia `<bdi>` tupu. Itatazama herufi ya kwanza yenye msimamo na kuifuata. Hii inahitajika hata kwenye ukurasa wa Kiswahili! Orodha inayosema jina, nukta mbili, halafu idadi ya siku alizohudhuria, jina likiwa la Kiarabu, itameza nukta mbili na tarakimu na kuzitupa kushoto kwa jina. Mtu atadhani tarakimu hiyo ni idadi ya mwanafunzi mwingine.

Kwa aya nzima au ujumbe wa mtumiaji, weka `dir="auto"` kwenye kisanduku chenyewe. Kwenye `<textarea>` yenye `dir="auto"` kila aya hujichagulia upande wake, jambo linalowafaa wanaoandika mstari mmoja wa Kiarabu na mwingine wa Kiswahili.

Fomu zina mambo yake. Sehemu ya simu yenye `type="tel"` huanzia kushoto yenyewe usipoiandikia mwelekeo. Ya barua pepe na ya anwani ya tovuti haijisaidii: iandikie `dir="ltr"`, la sivyo anwani inayoishia na mkwaju itaonyesha mkwaju huo mwanzoni.

`dir="auto"` nayo ina upofu wake. Inatazama herufi ya kwanza yenye msimamo, basi. Sentensi ndefu ya Kiarabu inayoanza na neno "Kisumu" itapangwa yote kama Kiingereza. Ukiwa na njia ya kujua lugha ya mwandishi, ihifadhi pamoja na maandishi. Sifa ya `dirname` kwenye fomu hutuma mwelekeo ule mtumiaji alioandikia, ukakaa kwenye safu yake mwenyewe.

## Ambapo tagi haziingii

Arifa za simu, kichwa cha dirisha, SMS, faili la CSV. Huko hakuna HTML.

Kazi hiyo inafanywa na herufi zisizoonekana. Unicode 6.3, ya mwaka 2013, ilileta za kutenga: U+2066 inafungua kipande cha kushoto kwenda kulia, U+2067 cha kulia kwenda kushoto, U+2068 inaacha herufi ya kwanza iamue, na U+2069 inafunga. Kila inayofunguliwa ifungwe. Zile za zamani, U+202A na U+202B, zinaelekeza bila kutenga, kwa hiyo nambari iliyo jirani bado inaweza kunaswa. Maktaba ya tafsiri ya Fluent kutoka Mozilla huzungushia U+2068 na U+2069 kila thamani inayoingizwa kwenye sentensi, bila kuombwa. Ukiandika sentensi kwa kuunganisha vipande kwa alama ya kujumlisha, kazi hiyo ni yako.

Sasa gharama. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ukitia humo herufi moja tu isiyoonekana, ujumbe wote unahamia mfumo wa herufi 70. Ujumbe wa Kiswahili wa herufi 150 uliokuwa ukilipiwa mmoja sasa ni mitatu, maana ukigawanywa kila sehemu inabeba 67. Kwa ujumbe wa Kiarabu hasara ni ndogo. Huo tangu mwanzo uko kwenye mfumo wa 70. Kwa hiyo zitie kwenye ujumbe wa Kiarabu pekee.

Na zinanata. Mzazi akinakili nambari ya simu iliyozungushiwa U+2066 na kuibandika kwenye kisanduku cha kutafuta, utafutaji utasema hakuna, ingawa macho yanaona nambari ile ile. Safisha vitambulisho vinapoingia: ondoa U+200E, U+200F, U+202A hadi U+202E, na U+2066 hadi U+2069. Isafishe nambari ya risiti, simu na barua pepe. Usisafishe maoni ya mtu. Huenda aliziweka kwa makusudi. Usalama nao unadai jicho: mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa herufi hizi hizi zinaweza kufanya msimbo wa programu usomeke hivi na mtu na vile na kompyuta. Wakauita Trojan Source.

## Kinachokatwa ni mwanzo

Kuna kosa moja la CSS linalofaa kutajwa kwa sababu halifanani na mengine. Kisanduku chembamba, maandishi marefu ya Kiingereza, `text-overflow: ellipsis`. Kwenye ukurasa wa kulia kwenda kushoto mstari unamwagika upande wa kushoto, na kushoto ndiko sentensi ya Kiingereza inakoanzia. Unabaki na nukta tatu zikifuatwa na mkia wa sentensi. Orodha ya shule kumi zenye majina marefu inakuwa orodha ya "Secondary School" mara kumi.

Weka `dir="auto"` kwenye kisanduku chenyewe, si kwenye tagi ya ndani.

Mengine ya CSS ni kazi ya kubadilisha tu: `margin-left` iwe `margin-inline-start`, `text-align: left` iwe `start`. Na uondoe `letter-spacing` kwenye Kiarabu, kwani inatenganisha herufi zilizopaswa kushikana mikono.

## Shaka iliyobaki

Rudi Mumias. Ustadh amekuwa akisoma kutoka kulia maisha yake yote. Itazame tena A-17-204, mara hii ukianzia kulia.

204. Kistari. 17. Kistari. A.

Iko sawa! Kanuni haikukosea hata kidogo. Ilipanga vipande kama sentensi ya Kiarabu inavyopangwa, na ni sisi tuliosoma kutoka kushoto. Hata yeye alisoma kutoka kushoto, kwa sababu mbele yake palikuwa na A, na A ilimvuta jicho.

Hili lilinifanya nirudi nyuma kidogo kwenye ari ya kutenga kila kitu. Chukua saa za kipindi, 8:00-10:00. Kwenye sentensi ya Kiarabu zitaonekana 10:00-8:00, na msomaji wa Kiarabu ataelewa bila shida kuwa kipindi kinaanza saa nane za saa yao na kuisha saa kumi (kwetu saa mbili hadi saa nne, lakini hilo ni balaa jingine). Ukizitenga kwa `dir="ltr"`, umemletea yeye vurugu aliyokuwa nayo mama wa risiti. Kurasa 10-12 za kitabu, vivyo hivyo.

Basi mpaka ninaouweka ni huu. Kipimo, muda na masafa ni sehemu ya sentensi. Viache vifuate lugha ya sentensi, au andika neno la "hadi" la lugha hiyo badala ya kistari. Kitambulisho hakina lugha. Nambari ya risiti, simu, nambari ya gari, barua pepe, nywila ya muda: hivi vinalinganishwa na karatasi iliyo mkononi mwa mtu mwingine, na lazima vifanane nayo nukta kwa nukta. Tarehe iko katikati, nami ningeiandika kwa jina la mwezi, mjadala ukaisha.

Ofisi yenye skrini moja inayotazamwa na mwalimu wa Kiarabu upande huu na mzazi wa Kiswahili upande ule inastahili pia kitambulisho kisicho na vistari. A20417 ingepita kila mahali bila tagi.

## Daftari

Tagi ikishawekwa, kurasa zote mbili za skrini zinasema 204-17-A, sawa na karatasi. Kazi iliyobaki haiko kwenye kompyuta.

Karani amekuwa akinakili nambari kutoka kwenye skrini kwenda kwenye daftari la kalamu, miezi yote hiyo. Siku nyingine alinakili kutoka kwenye jedwali, siku nyingine kutoka kwenye taarifa ya malipo. 204 ni mwanafunzi, 17 ni malipo, A ni mkondo. Palipoandikwa A-17-204 hakuna utata, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyekwisha kulipa mara 204. Lakini ukurasa wa sita una mstari wa A-17-31. Ikiwa ilitoka kwenye taarifa, ni mwanafunzi wa 31, malipo ya 17. Ikiwa ilitoka kwenye jedwali, ni mwanafunzi wa 17, malipo ya 31.

Wote wawili wapo, mkondo mmoja, na kiasi ni kile kile, 500/=. Hapo inabidi kuwaita wazazi wote wawili waje na risiti zao.